Kiendelezi cha kupunguza kasi ya video kinagoma kwenye faili zilizo ndani ya kompyuta

mwani_na_kamba

Asalaam aleikum wakuu. Naomba msaada, nahangaika na jambo hili tangu juzi.

Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano na kuyaandika neno kwa neno. Sasa hivi nina video 23 za kina mama wanaolima mwani huku Kusini Unguja. Wengi ni watu wazima, wanazungumza Kikae, lahaja ya huku, tena haraka, na upepo wa pwani unavuma kwenye maikrofoni. Kwa kasi ya kawaida siambulii kitu. Ndiyo maana kwenye Chrome nimeweka kiendelezi (extension) cha kudhibiti kasi: S inapunguza, D inaongeza, Z inarudisha nyuma sekunde chache. Nikiweka 0.7 nasikia kila silabi, na sauti haigeuki nzito kama kaseti iliyoishiwa betri.

Wiki iliyopita nimebadilishiwa kompyuta. Nimeweka kiendelezi kilekile. YouTube kinafanya kazi bila shida. Lakini nikiburuta faili ya mahojiano kutoka kwenye folda nikaidondosha kwenye kivinjari, video inacheza, ila S, D na Z hazifanyi lolote, na kile kiboksi kidogo cha kuonyesha kasi hakitokei. Nimekiondoa na kukirudisha mara mbili, nimezima na kuwasha kompyuta. Wapi.

Kuzipandisha YouTube siwezi, hata kwa kuzificha. Kina mama hawa waliahidiwa kwamba sura na sauti zao hazitatoka nje ya mradi, na mimi nilikuwepo wakiahidiwa.

Kuna mama mmoja, dakika ya 14 na sekunde 32, nimeandika "tukishuka na mvua" lakini moyo haujakubali. Sitaki kuikabidhi hivyo.

fundi_kkoo

Dada, achana na kivinjari, weka VLC. Mabano ya mraba yanatosha: [ inapunguza kasi kidogo kidogo, ] inaongeza. Bure, na haihitaji intaneti.

mwani_na_kamba

Ahsante kaka. VLC naijua, ila kompyuta hii ni ya mradi na imefungwa, haikubali kusakinisha programu bila nywila ya mtu wa IT, naye yuko safarini mpaka mwisho wa mwezi. Kivinjari ndicho nilicho nacho.

msimbo_tanga

Dada, tazama sehemu ya anwani juu wakati video inacheza. Naamini inaanza na file:/// na si https. Tatizo lako liko hapo.

Kiendelezi cha namna hii huingiza msimbo wake ndani ya ukurasa, unatafuta video iliyomo, kisha unabadilisha kasi yake. Kwa tovuti za kawaida uliruhusu siku ulipokiweka. Faili za kwenye diski zina ruhusa yake peke yake, na Chrome huiacha imezimwa mpaka mwenyewe uiwashe. Ina sababu nzuri: kiendelezi chenye ruhusa hiyo kinaweza kusoma faili unazofungua kwenye kivinjari. Yaelekea kompyuta ya zamani uliiwasha siku nyingi ukasahau.

Andika chrome://extensions kwenye sehemu ya anwani, tafuta kiendelezi chako, bonyeza kitufe cha maelezo, shuka chini mpaka uone swichi ya kuruhusu kufikia URL za faili. Iwashe. Halafu, na hapa wengi hukwama, rudi kwenye kichupo (tab) cha video ukipakie upya kwa F5. Msimbo huingia ukurasa unapopakiwa, kwa hiyo kichupo kilichokuwa wazi tangu mwanzo kitaendelea kugoma hata swichi ikiwa imewaka.

Kwa kuwa mahojiano ni ya siri, hakikisha kwanza kiendelezi chenyewe unakiamini. Ukimaliza mradi, izime tena.

mwani_na_kamba

Kimekubali! Swichi ilikuwa imezimwa kweli, na F5 ndiyo iliyomalizia. Mungu akuzidishie.

Niulize moja la mwisho. Ninapoandika kwenye kichupo kingine, nikibonyeza Z inaandika z, video hairudi nyuma. Na kitufe cha kusimamisha na kucheza kilichopo kwenye kibodi jana kiliwasha taarab niliyokuwa nimeiacha wazi, mahojiano yakaendelea chini yake.

mama_Nakala

Hayo yote ni kawaida, mdogo wangu, nimeyapitia miaka sita. Herufi zinasikika tu kwenye ukurasa ulio mbele yako. Kitufe cha kibodi nacho kinaweza kushika kichupo kingine chenye sauti, kwa hiyo ukianza kazi funga vyote vyenye muziki. Jaribu chrome://extensions/shortcuts: kama kiendelezi chako kimeorodheshwa pale, unaweza kukipa vitufe vinavyofanya kazi hata ukiwa nje ya Chrome.

Mimi niliishia kwenye oTranscribe. Ni tovuti, huhitaji kusakinisha. Video inacheza na wewe unaandika, vyote ukurasa mmoja. Esc inasimamisha na kuendeleza, F1 inarudisha nyuma, F3 inapunguza kasi, Ctrl+J inaandika muda uliofikia kwenye video. Faili yako haipandishwi popote, inabaki kwenye kompyuta yako, ahadi kwa kina mama haiguswi. Ila maandishi yanahifadhiwa ndani ya kivinjari chenyewe, kwa hiyo yanakili kwenye hati yako kila jioni kabla ya kuzima.

mwani_na_kamba

Nimeijaribu leo asubuhi, nimemaliza mahojiano mawili kabla ya adhuhuri. Nimerudi pia dakika ya 14, nikashusha mpaka 0.6, nikarudia mara nne. Hakusema "na mvua". Alisema "tukishuka bamvua". Anaeleza zile siku maji yanapokupwa mbali sana, ndipo wanapofika kwenye vigingi vya nje. Nimeshasahihisha.