Chuchu moja inawasha na kutoa magamba, madaktari wanasema nina wasiwasi tu. Nifanyeje?

MamaWawili: Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nina miaka 38, watoto wawili, wa mwisho aliacha kunyonya zamani. Tangu kabla ya Ramadhani chuchu ya ziwa la kushoto inaniwasha na kutoa magamba, siku nyingine majimaji mpaka yanagandia kwenye sidiria. La kulia halina kitu. Daktari wa kwanza alipapasa, akasema hakuna uvimbe, ni pumu ya ngozi, akanipa krimu. Ikapoa, nilipoacha kupaka ikarudi. Wa pili akaniandikia utrasaundi, majibu safi. Akasema, "Mama, punguza wasiwasi." Mume wangu naye ananiuliza natafuta nini tena. Lakini naona chuchu imeanza kuingia ndani, na zamani haikuwa hivyo. Aliyepitia haya anisaidie. Wa utani apite.

Mzee_Kigogo: Pole dada. Paka mafuta ya nazi usiku, acha sidiria za kubana. Mke wangu alipona hivyo hivyo.

BintiTanga: Mzee, mkeo alikuwa ananyonyesha?

Mzee_Kigogo: Ndiyo, alikuwa na kichanga.

BintiTanga: Basi hizo ni michubuko ya kunyonyesha. Mwenzako hanyonyeshi, na ni upande mmoja tu.

Nesi_wa_Zamu: MamaWawili, sikuambii una saratani, hakuna anayeweza kukuambia hivyo kupitia simu. Ila hili halijaisha. Pumu ya ngozi mara nyingi hushika pande zote mbili, na huanzia kwenye weusi unaozunguka chuchu. Kinachoanzia kwenye chuchu yenyewe, upande mmoja, kisha kinatambaa nje, lazima waondoe shaka ya ugonjwa wa Paget. Ni aina ya saratani ya matiti isiyo ya kawaida, James Paget aliieleza tangu 1874, na mpaka leo inadhaniwa ukurutu, yaani hiyo pumu ya ngozi. Karibu nusu ya wagonjwa hawana uvimbe wa kushikika, na utrasaundi inaweza kutoka safi. Krimu yako nayo, kama ni ya steroidi (dawa ya kutuliza ngozi inayowasha), hutuliza muwasho kwa muda, kwa hiyo kupoa kwake hakujakuthibitishia lolote.

Jibu linatoka kwenye kinyama: wanakata kipande kidogo cha ngozi ya chuchu, kinapelekwa maabara ya patholojia. Omba rufaa ya kliniki ya upasuaji au ya matiti, si duka la dawa tena. Kwa umri wako omba na mamografia, yaani eksirei ya matiti, ya maziwa yote mawili. Chuchu kuingia ndani ukubwani, peke yake, inatosha kukurudisha hospitali. Ikitokea damu au ngozi ikawa na vishimo kama ganda la chungwa, usisubiri tarehe ya kliniki.

Kunguru_wa_Dar: Madaktari wawili wamesema, nyie mnamtisha mtu bure.

Nesi_wa_Zamu: Wa kwanza alitafuta uvimbe, wa pili alipiga picha. Ngozi yenyewe hakuna aliyeipima. Na chuchu haikuwa imeingia ndani walipomwona.

Zai_Mbezi: Mimi yalinikuta kama yako. Nilikatwa kinyama, majibu yakatoka ukurutu wa kawaida. Kuna shangazi aliyeniambia nimetupa hela. Hela hiyo ilininunulia usingizi, sijuti.

MamaWawili: Asanteni sana. Nikifika niseme nini ili nisirudishwe na krimu nyingine?

Nesi_wa_Zamu: Piga picha ya chuchu leo, na nyingine kila wiki, uende nazo. Sema hivi: "Ni upande mmoja, nimepaka krimu imerudi, na sasa chuchu inaingia ndani. Naomba kipimo cha kinyama." Akikataa, muombe kwa adabu aandike sababu kwenye faili. Beba karatasi ya utrasaundi na kopo la krimu waone jina la dawa.

MamaWawili: Inauma?

Zai_Mbezi: Sindano ya ganzi ndiyo inauma, kidogo. Baada ya hapo husikii. Vaa blauzi ya vifungo mbele, na nenda na mumeo, akasikie mwenyewe.