Lamprometra, Stephanometra au Dichrometra? Pinyuli za mdomoni zinanichanganya

mwamba_chini
Wakuu, nina sampuli mbili za nyota-manyoya wa bahari kwenye ethanoli, kila moja ina mikono kama thelathini. Moja ilikuwa zambarau yenye pete nyeupe, nyingine kahawia. Mdomo uko katikati ya diski kwa zote mbili, na pinyuli (vitawi vidogo vya pembeni mwa mkono) za karibu na mdomo hazina meno ya kitana, kwa hiyo familia ya Comatulidae nimeshaiondoa. Zimebaki jenasi tatu za kwenye kichwa cha habari. Ufunguo wa utambuzi unataka nilinganishe P1, P2 na P3 (pinyuli zilizopewa namba kuanzia chini ya mkono), lakini mkono mmoja unaonyesha P2 kubwa sana, mwingine unaonyesha P2 ndogo. Naweza kuamua kwa rangi na idadi ya mikono?

pingili
Rangi iache kabisa. Spishi moja hubeba rangi nyingi, na ethanoli huifyonza. Idadi ya mikono nayo hupanda kadiri mnyama anavyokua, na mkono uliokatika unaweza kuota upya ukiwa na matawi zaidi ya ule wa awali. Kwa jenasi hizi tatu idadi zinapishana mno.

Nadhani shida yako iko kwenye kuhesabu. Anza juu ya kiungo cha mwisho mkono unapogawanyika. Pingili ya kwanza kutoka hapo ni brakiali ya 1. P1 iko brakiali ya 2, upande wa nje, yaani upande usiotazamana na mkono pacha. Brakiali ya 3 na ya 4 zimeshikana kwa sizijia: kiungo kisicho na msuli, ambacho kwa nje huonekana kama mstari mwembamba wa vitobo. Ile ya 3 haina pinyuli. Ya 4 inayo, lakini iko upande wa ndani, nayo ni Pa, si P2. P2 utaikuta brakiali ya 5, upande wa nje tena, na P3 ya 7. Ukizifuata pinyuli moja baada ya nyingine bila kujali upande, Pa utaiita P2, na jibu litabadilika kila ukikosea na kila ukipatia.

Ukishazipata:
Lamprometra: P2 ndiyo ndefu na nene kuliko zote, P3 inashuka ghafla.
Dichrometra: P3 inakaribiana na P2 kwa urefu na unene.
Stephanometra: P2, pengine na zinazoifuata, zimekakamaa na kunyooka kama miiba, pingili zake ndefu, ncha kali.

kina_kirefu
Naongeza kuhusu ule ukakamavu, maana hapo wengi huteleza. Ethanoli hukakamaza kila kitu, hivyo kusukuma pinyuli kwa sindano na kuona haipindi hakuthibitishi Stephanometra. Tazama umbo la pingili kwa darubini ya kupasulia. Pinyuli ya Lamprometra huendelea kupungua hadi ncha nyembamba kama mjeledi, na mara nyingi ncha hiyo imejikunja juu ya diski. Ya Stephanometra haina mjeledi. Inaishia kwenye kichongo.

Kabla ya kupima, hakikisha pinyuli haikuota upya. Iliyoota upya huwa fupi na nyembamba kuliko jirani zake. Pima mikono mitano hivi, iliyo mahali pamoja katika kila mwali (kila moja ya sehemu tano za mwili), kwa sababu pinyuli za mikono ya nje na za mikono ya ndani hazilingani hata kwa mnyama mmoja.

mwamba_chini
Asanteni. Kweli Pa nilikuwa naiita P2. Je, vishikizi vya chini (vile viguu anavyoshikia mwamba) vinasaidia? Na pinyuli naweza kuisafisha ibaki mifupa tu?

pingili
Vishikizi husaidia zaidi kutenganisha spishi ndani ya jenasi. Antedon bifida, kwa mfano, ana takriban 25, wakati Antedon petasus huzidi 50. Hesabu pingili kuanzia shina, ukucha wa mwisho usiuhesabu, na andika miiba ya upande wa chini inaanzia pingili ya ngapi. Vile vidogo vilivyobanana chini ya radiali (mifupa ambayo mikono huanzia) ni vichanga, viruke.

Kusafisha: chukua pinyuli moja tu, iweke kwenye tone la dawa ya kufulia ya klorini (hipokloriti ya sodiamu, kama asilimia 5) hadi mapovu yaishe, kisha suuza mara kadhaa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Usiposuuza vizuri, fuwele za chumvi zitafunika meno na miiba unayoitafuta. Usitumbukize mkono mzima: pingili zitaachana zote, na hutajua ipi ilikuwa ya 4.

kina_kirefu
Kwa sampuli zijazo, mlegeze mnyama kwanza. Gramu 75 za kloridi ya magnesi yenye maji ya fuwele kwa lita moja ya maji yasiyo na chumvi, uchanganye nusu kwa nusu na maji ya bahari. Akiacha kuitikia ukimgusa, mlaze chali mikono imetandazwa, ndipo umimine ethanoli ya asilimia 95, na ubadilishe kesho yake. Akiingizwa akiwa macho atajikata mikono kwenye sizijia, na mara nyingi ni ile ya 3+4, kwa hiyo P2 na P3 zitakuwa zinaelea kwenye chupa bila kujulikana zilitoka mkono upi. Fomalini isiyopozwa asidi usiitumie, inakula kalisi ya mifupa.