Kuwapa ari wafanyakazi wa kliniki ndogo bila kuongeza mshahara

KitiCha2
Wakuu, salaam. Nasimamia kliniki ndogo ya meno: madaktari wawili, wasaidizi watatu, mapokezi wawili na mmoja wa usafi na utakasaji wa vifaa. Mishahara inalingana na ya kliniki nyingine za ukubwa huu, na mwaka huu haitapanda. Kazi zinafanyika, ila kwa kujivuta. Hakuna anayegusa kitu kisichokuwa kwenye majukumu yake, na muda wa kutoka ukifika kila mtu ameshabeba begi. Nafikiria tuzo ya mfanyakazi bora wa mwezi, na mara mojamoja chakula cha pamoja. Vitasaidia?

Mpanga_Zamu
Tuzo achana nayo. Kwa watu wanane, ama itazunguka kwa zamu mpaka ipoteze maana, ama wawili wataibeba kila mara na sita waliobaki wanune. Tena hupewa anayeonekana. Anayetakasa vifaa chumba cha nyuma hakumbukwi mpaka siku vifaa vikikosekana.

Mwaka 1959 mwanasaikolojia Mmarekani Frederick Herzberg alitenganisha mambo mawili: yanayowakera watu (ratiba, usimamizi, mazingira) na yanayowapa hamu ya kazi (kutambuliwa, wajibu, kukua). Wapo wanaombishia, lakini kwa kliniki ndogo mgawanyo huo unafaa sana. Chakula cha pamoja hakifuti kero ya ratiba inayobandikwa Ijumaa jioni kwa zamu ya Jumatatu. Itoe wiki 4 kabla, na wenye kazi inayofanana wabadilishane zamu bila kukuomba, mradi waandike.

Halafu angalia miadi ya mwisho, kwa sababu hao wanaobeba begi mapema huenda wamechoka kufungiwa ndani. Tuseme mnafunga saa 11:00 jioni. Kuziba jino dakika 45, kusafisha kiti na kufunga vifaa dakika 15, mashine ya mvuke ya kutakasa vifaa nusu saa au zaidi ukihesabu kukausha. Maana yake mgonjwa wa mwisho wa kuziba aingie saa 9:30, si saa 10:15. Ikizidi, saa za ziada zilipwe au zirudishwe kama mapumziko. Hilo ni deni, usilihesabu kama motisha.

Stoo_Safi
Naunga mkono, ila kuondoa kero kunamaliza manung'uniko tu. Ili mtu aguse kisichoandikwa, mpe eneo awe na kauli juu yake.

Mfano ni stoo. Msaidizi mmoja aishike, naye apange kiwango cha kuagiza: matumizi ya wiki mara wiki za kusubiri mzigo, ongeza akiba ya wiki moja. Glovu zikitumika boksi 6 kwa wiki na mzigo ukichukua wiki 2, ni 12 + 6. Zikibaki boksi 18 anaagiza mwenyewe, bila kukimbizana na sahihi yako, mradi asivuke kikomo cha fedha mlichokubaliana. Vyenye tarehe ya karibu ya kuisha vikae mbele.

Hapa wengi huharibu kwa namna mbili. Wanatoa jukumu bila mamlaka, kila oda inarudi kwa bosi, na msaidizi anaona ameongezewa mzigo tu. Au hawatoi muda: tenga saa 1 kwa wiki ndani ya ratiba, na miadi isiwekwe juu yake. Asiyetaka eneo usimlazimishe. Kufanya kazi yako vizuri na kuondoka kwa wakati si kosa.

Kaunta_ya_Mbele
Niongeze la mapokezi, maana hukumbukwa mwisho. Karani akimkatalia mgonjwa kuruka foleni, kisha daktari atoke na kumwita ndani mgonjwa huyohuyo, utaratibu umekufa hapohapo, na kesho karani hatautetea. Kubalianeni mapema nani ana haki ya kupitishwa: uvimbe wa uso, damu isiyokata, jino lililong'oka kwa ajali. Wengine wote daktari awarudishe kaunta. Mgonjwa akitukana, daktari au msimamizi atoke mwenyewe.

Pili, kaa na kila mmoja dakika 20 kwa mwezi, ndani ya saa za kazi. Muulize nini kimemkwamisha na nini angependa kujifunza. Chagueni kero moja, uiondoe kabla ya kikao kijacho. Ukikusanya malalamiko halafu ukayalalia, ni afadhali usingeuliza kabisa.

Sifa nayo itaje jambo. "Hongereni kwa kazi nzuri" haibebi kitu. "Ulipowapigia jana wenye miadi ya leo, nafasi mbili zilizoachwa tulizijaza" inaeleweka, hasa ukiitamka siku hiyohiyo. Wengine hawapendi kusifiwa mbele ya wenzao, waambie pembeni.

KitiCha2
Asanteni sana. Je, yote nianze kwa pamoja? Na chakula nifute?

Mpanga_Zamu
Hapana, anza na miadi ya mwisho na ratiba, maana hayo yako mikononi mwako. Wiki 4 zikipita watu wakitoka kwa wakati, ndipo ufungue mazungumzo ya maeneo. Ukianza na maeneo wakati bado wanachelewa kutoka, watayaona kama kazi ya bure. Chakula kiwepo, ila mchana na miadi imefungwa, si siku yao ya mapumziko.