Kusambaza MSI (faili la kusakinisha programu kwenye Windows) kwa kompyuta 60: misimbo ya matokeo 1618 na 3010

Swali: Kompyuta 41 zimekubali, 12 zinarudisha 1618, 7 zinarudisha 3010. Nirudie kazi nzima?

Jibu: Hapana. 3010 si kosa: programu imeshaingia, mashine inasubiri kuwashwa upya tu. 1618 ni usakinishaji mwingine unaoendelea, mara nyingi masasisho. Rudia hizo 12 baada ya nusu saa:

msiexec /i programu.msi /qn /norestart

Ukisahau /qn (sakinisha kimyakimya, bila madirisha), kisakinishi kinasubiri mtu abonyeze kitufe asichokiona, na kazi inaning'inia.

Jibu: Nyongeza: kazi ikiendeshwa na akaunti ya SYSTEM (ya Windows yenyewe, si ya mtumiaji), diski ya mtandao Z: ya mtumiaji haionekani. Andika njia kamili, \\seva\programu, kisha zipe akaunti za kompyuta zenyewe ruhusa ya kusoma folda. Hapo ndipo wengi hukwama.

Muulizaji: Kumbe! Njia yangu ilianza na Z: kwenye kazi nyingine iliyogoma. Asanteni.