Unga wa mafuriko, kamera na beseni la Alhamisi Kuu

Mkaazi wa Umoja: Ndugu zangu, mafuriko yalipozikumba Mathare na Mukuru, mitaa ya mabanda ya hapa Nairobi, mwezi wa Aprili 2024, kikundi cha kanisa letu kiligawa unga na blanketi, na kila aliyepokea alitakiwa kusimama na kupigwa picha. Wapo waliojifunika leso usoni. Tumeambiwa mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kulia. Je, msaada wa namna hiyo bado ni utumishi wa Kikristo? Katika Injili ya Marko, Yesu aliwaosha wanafunzi miguu ndani ya chumba, si mbele ya umati.

Mweka Hazina: Si Marko, ni Yohana 13, Injili nyingine tatu hazisimulii kisa hicho. Nimetunza fedha za kanisa kwa miaka sita, nami nawaambia kwamba unga usio na picha huweza kufika dukani kwa mtu, na aliyetoa shilingi zake ana haki ya kujua zilikoishia. Isitoshe, kila Alhamisi Kuu, ile ya kabla ya Pasaka, padre huwaosha watu 12 miguu mbele ya kanisa zima, na sijasikia mtu akiyaita maonyesho.

Mama wa Jumuiya: Basi leo umesikia. Kwetu hao 12 huwa ni wanaume watupu, na miguu yao huwa imekwisha kuoshwa na kupakwa mafuta nyumbani. Maji ya vuguvugu yanayomiminwa huchemshwa na sisi, taulo hufuliwa na sisi, na baada ya ibada ni sisi tunaopiga deki pale palipomwagika. Anayeosha miguu 24 mara moja kwa mwaka huitwa mnyenyekevu. Anayeosha sufuria kila Jumapili haitwi chochote.

Mweka Hazina: Sikuwataja wanawake hata kidogo, dada yangu. Hata hivyo, Papa Fransisko alianza kuwaosha wanawake miguu mwaka 2016, kwa hiyo jambo hilo lilikwisha.

Msomaji wa Kangemi: Akiwa Papa alianza Machi 2013, majuma mawili tu baada ya kuchaguliwa, katika gereza la vijana la Casal del Marmo huko Roma, na miongoni mwa waliooshwa alikuwamo msichana Mwislamu. Mwaka 2016 ndipo kanuni yenyewe ilipobadilishwa ili iruhusu wanawake. Kuruhusiwa Roma ni jambo moja, na kuitwa mbele parokiani ni jingine. Biblia yetu, kwa njia, husema aliwatawadha miguu, neno ambalo jirani yangu Mwislamu hulitumia kila siku bila mpiga picha yeyote.

Msabato wa Kayole: Kwetu kabla ya Meza ya Bwana, ambayo kwa kawaida huja kila robo mwaka, waumini huoshana wao kwa wao, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Aliyeosha naye huketi aoshwe. Twaiita huduma ya unyenyekevu.

Mama wa Jumuiya: Hilo nalipenda kwa dhati. Mabeseni huandaliwa na nani?

Msabato wa Kayole: Mashemasi wa kike.

Mama wa Jumuiya: Haya.

Mkaazi wa Umoja: Naomba turudi Mathare. Petro alipokataa kutawadhwa alijibiwa kwa maneno, akafahamishwa, kisha akakubali mwenyewe. Lakini mama aliyekataa kamera siku ile aliondoka bila unga, nami ndiye niliyekuwa nimeshika orodha ya majina. Hata Yuda aliyekuwa na nia ya kumsaliti Bwana alioshwa, wala hakuambiwa asimame vizuri kwanza.

Mweka Hazina: Kumbe ni mimi mnayemfananisha na Yuda, kwa kuwa naye alishika mfuko wa fedha! Siku ile nilibeba magunia kwa bega hili mpaka saa mbili usiku, na hakuna picha hata moja ninayoonekana.

Mkaazi wa Umoja: Mzee wangu, hakuna aliyekutaja. Nauliza tu kama orodha yenye sahihi za waliopokea isingekutosha.

Mweka Hazina: Ingenitosha. Waliotaka picha ni wafadhili.

Mama wa Jumuiya: Jumamosi tunapiga deki kanisani kuanzia saa mbili asubuhi. Bega hilo nalo lije.