Tupeane uzoefu: wimbo gani wa zamani ukipigwa unakukamata pabaya?

Abiria wa Siti ya Nyuma
Wakuu salaam. Leo asubuhi nimepanda daladala ya Mbagala, dereva kaweka zilipendwa. Ikaingia ya bendi ya Sikinde, pale tarumbeta zinapoanza kujibizana na solo, nikapitishwa kituo. Usingizi sikuwa nao. Nilikuwa mwaka 1986, nje ya ukumbi wa DDC Kariakoo, sina kiingilio, nimesimama juu ya ndoo ya mama ntilie nachungulia dirishani, na mwenye ndoo ananivuta suruali. Konda ndiye aliyenirudisha: "Mzee, wewe unashuka wapi?" Nimetembea vituo viwili kurudi nyuma na sijutii. Haya, tupeane uzoefu. Wewe uko wapi ukiusikia wimbo wako?

Kanda ya Dakika 90
Dah, umenichokoza. Vijana wa leo hawajui kuwa nyimbo nyingi za miaka ile zilirekodiwa RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, na dukani ulikuwa huzipati hata ulie. Ukiutaka wimbo unauvizia hewani. Redio ya jirani inapiga, yako unaisogeza, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, halafu nyumba nzima inaambiwa inyamaze. Kanda ikiwa ya dukani imeshavunjwa vile vimeno vya juu, unaziba matundu kwa karatasi ili ikubali kurekodi. Betri zikichoka tunazianika juani, zinapata pumzi ya nyimbo mbili tatu.

Mimi nina kanda ya mwimbaji Marijani Rajab ambayo katikati yake mama anasikika akisema, "We mtoto, maji yamechemka." Nimeshausikia wimbo ule mara mia ukiwa safi kabisa, na kila ukifika pale namsubiri mama aongee. Haongei. Alifariki 1999.

Bugaluu
Pole sana mkuu. Umenimaliza na hayo maji.

Msondo Damu
Uzi mzuri, ila mleta mada kaanza vibaya. Unawezaje kufungua mada ya muziki wa dansi kwa Sikinde na wakati baba ya muziki ni bendi ya Msondo?

Abiria wa Siti ya Nyuma
Mkuu, nimesema kilichopigwa kwenye daladala. Ningekuwa na uchaguzi wa wimbo ningekuwa na gari langu.

Msondo Damu
Msondo imeanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikaja Juwata, ikaja OTTU, majina yanabadilika ngoma ni ileile. Sikinde imezaliwa 1978. Na imezaliwa na nani? Waimbaji wake Gurumo na Bitchuka walitokea wapi? Jibu unalo.

Sikinde Ngoma ya Ukae
Walitokea kwenu kwa sababu kwenu palikuwa hapatoshi. Mtoto akimzidi baba hilo si kosa la mtoto.

Bugaluu
Jamani tumeombwa uzoefu, hatujaombwa ukoo. Wanamuziki wenyewe walikuwa wanahama kama wachezaji wa mpira, leo huku kesho kule, nyie mmebaki na ugomvi walioshaumaliza wao.

Mstaafu wa Dodoma
Mimi ni wa zamani kuliko nyie. Januari 1979 nilikuwa darasa la sita, baba yuko vitani Kagera. Kila redio inapowashwa mama anaacha alichoshika. Siku moja anakoroga uji, ukapigwa wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, kisha mtangazaji akaanza kuongea kwa ile sauti ya taratibu. Mama akakaa chini palepale jikoni kabla hajasikia jina. Kumbe habari ilikuwa ya Mbaraka mwenyewe, amefariki kwa ajali ya gari Mombasa. Mama alilia sana. Majirani wakaja mbio wakidhani ni baba. Akawaambia ni Mbaraka, na wao wakalia. Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba mama alikuwa na kilio alichokiweka tangu baba aondoke, akapata pa kukitulia. Baba alirudi salama. Huo uji uliungua, na mimi gitaa la Mbaraka linaninukia uji ulioungua mpaka leo.

Nipo Mombasa
Mzee wangu, shikamoo. Huku kwetu nako walilia.
Ila nataka niseme kitu mbele ya Msondo na Sikinde: bendi za Simba Wanyika na Les Wanyika tumezilea sisi Kenya. Mimi nimejifunza kutongoza kupitia rumba hizo. Nilimwandikia msichana barua, mashairi yote ya wimbo, nikaweka jina langu chini kama nimetunga mimi. Akanijibu kwa ubeti wa pili.

Sikinde Ngoma ya Ukae
Hao ndugu wa Kinyonga wa Simba Wanyika ni watu wa Tanga, walianzia Jamhuri Jazz. Mmewapa nyumba, asante, lakini mtoto ni wetu.

Nipo Mombasa
Nyumba, chakula na studio. Mtoto ni wa anayemlea.

Kijana wa 2001
Wazee shikamooni nyote kwa mpigo. Na sisi wa bongo fleva tuna kumbukumbu au mpaka mtu awe na presha? Mimi nilikuwa na daftari la mashairi. Somo likiwa la Historia, mimi namalizia ubeti wa tatu wa Sugu. Mwalimu akaninyang'anya, nikajua nimekwisha. Wiki iliyofuata akanirudishia, kasahihisha kwa wino mwekundu mistari niliyoisikia vibaya.

Bugaluu
Huyo mwalimu apewe ua.
Mimi aibu yangu ni Kilingala. Nyimbo za Franco niliziandika kwa masikio, neno kwa neno, naimba huku nimefumba macho kama mzaliwa wa Kinshasa. Miaka ikapita, nikaajiriwa sehemu yenye Wakongo wawili. Siku ya sherehe nikaomba maikrofoni. Wakasimama, wakasikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Mmoja akaniuliza, "Ndugu, hiyo ni lugha ya kabila lako?"

Binti wa Fundi Mitambo
Huwa napita tu, siandiki. Aliyetaja tarumbeta ndiye kanichokoza.

Mwaka 1987 nilikuwa na miaka 17, tunaishi Magomeni. Baba alikuwa fundi mitambo kiwandani, wiki hii shifti ya mchana, wiki ijayo ya usiku. Mtu wa kimya. Redio kwake ilikuwa ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Muziki ukianza tu anaizima, betri zisiishe. Sijawahi kumwona hata akitikisa kichwa.

Jumamosi moja baba yuko shifti ya usiku, mama kalala. Mimi na rafiki yangu wa nyumba ya pili tukatokea mlango wa uani. Nimevaa viatu vya dada, vinanizidi, nimesokota gazeti nikalisukuma mbele ya vidole. Shemeji yake rafiki yangu akatulipia kiingilio. Tumeingia bendi iko kwenye rumba, watu wametulia, wanaongea. Mnajua ilivyokuwa: wanakubembeleza kwanza na hadithi, halafu ghafla wanafungulia chemko, ile sehemu ya kasi. Walipofungulia, watu wakatengeneza duara katikati na kuanza kumshangilia mtu. Nikajipenyeza nimwone.

Kwanza niliona leso. Imekunjwa, imepachikwa nyuma ya shingo ili jasho lisichafue kola. Leso ile niliifua mimi, Alhamisi.

Wakuu, baba alikuwa anacheza. Mabega yametulia kama kabeba maji kichwani, kiuno kina bawaba, mguu mmoja unachora chini na mwingine unafuta. Sijui niseme vipi. Mdomo wa bata, yaani saksofoni, ukilia anaujibu kwa bega, besi ikishuka anashuka nayo. Mwanamke aliyekuwa naye alivaa gauni la kijani, na alijua zamu zake zote, akijua lini atamwachia nafasi na lini atarudi. Hao hawakukutana siku ile.

Akaniona. Hakuacha. Alilimaliza chemko lote huku ananitazama, kisha akamwambia yule mama neno moja na kuja kwangu. Akaniuliza, "Umekula?" Nikasema nimekula. Akaninunulia soda, akasimama pembeni mpaka nimeimaliza, akarudisha chupa. Akatutafutia teksi, mimi na mwenzangu, akamlipa dereva. Mlango wa gari ulipokuwa unafungwa akainama dirishani, akaniambia, "Ule mlango wa uani unalia. Ukiufungua uinue kidogo."

Asubuhi akaja na mfuko wake wa kazini, akasalimia, akaenda kulala. Amefariki 2009 na hatukuwahi kulizungumza.

Watu wanadhani kilichoniuma ni mwanamke. Nilitakiwa nimwonee mama uchungu, nikashindwa. Nilimwonea wivu yule wa gauni la kijani. Yeye alikuwa na mtu anayecheza, sisi tulikuwa na mtu anayezima redio.

Abiria wa Siti ya Nyuma
...

Kijana wa 2001
"Uinue kidogo." Mzee alikuwa mzoefu wa huo mlango!!

Msondo Damu
Dada, bendi gani ilikuwa inapiga?

Shangazi wa Wote
Msondo Damu, hivi una moyo wewe? Mtu kamwaga maisha yake, unauliza bendi?
Mwanangu, ulifanya vizuri kunyamaza. Ungesema ungevunja nyumba kwa ajili ya dansi la usiku mmoja.

Mstaafu wa Dodoma
Shangazi, kwa heshima, hapana. Mama wa watu anadanganywa kila wiki na mtoto anajua. Huo ni mzigo wa kumbebesha binti wa miaka 17? Baba alimnunua kwa soda.

Shangazi wa Wote
Wewe ulitaka aamshwe mama usiku wa manane aambiwe nini? Na yeye binti ataeleza alikuwa wapi?

Bugaluu
Hapo ndipo mtego ulipo. Wote wawili walikuwa watoro.

Sikinde Ngoma ya Ukae
Mimi nasimama na mzee. Mtu ametwanga kazi wiki nzima, kiuno kinadai. Angekuwa mlevi mngefurahi?

Nipo Mombasa
Kiuno kinadai, sawa, angeenda na mkewe. Mama wa nyumbani naye ana kiuno.

Kaka Mdogo
Samahani kuingilia. Nimekuta sanduku la kanda za marehemu kaka yangu, kama arobaini hivi, za kati ya 1982 na 1990. Zimeshika ukungu mweupe. Nifanye nini?

Kijana wa 2001
Zianike juani kama betri za Kanda ya Dakika 90, hahaha.

Kaka Mdogo
Kweli?

Kanda ya Dakika 90
Usithubutu! Jua linapinda kasha na utepe. Na usiichomeke kwenye redio ikiwa na ukungu, itakuchafulia kichwa cha kusomea na ukungu utahamia kwenye kanda zako zilizo safi. Ingiza kalamu kwenye tundu, izungushe taratibu mwanzo hadi mwisho uone kama utepe umegandana. Kama kasha lina skrubu, fundi anaweza kulifungua na kuhamishia utepe kwenye kasha zima. Yaliyogundishwa ndiyo yanasumbua.

Mstaafu wa Dodoma
Mimi zangu nilizifuta kwa kitambaa chenye spiriti, zikapiga.

Kanda ya Dakika 90
Zilipiga mara ngapi?

Mstaafu wa Dodoma
Mara moja.

Shangazi wa Wote
Tuachieni kanda kidogo. Binti, nina swali moja tu, ukiona sawa ujibu: mama alikuja kujua?

Binti wa Fundi Mitambo
Nimesoma yote, asanteni, hata mnaogombana. Bendi na wimbo siwataji, ndugu zangu wanaweza kuwa wanapita humu.

Swali la Shangazi. Baada ya arobaini mama aligawa vitu vya baba vyote, mashati, suruali, saa, hata ule mfuko wa kazini. Zikabaki leso. Mama mdogo akanyoosha mkono azichukue, mama akazivuta akaziweka chini ya mto wake. Nikamuuliza baadaye, mbona leso? Akasema, "Hizo za dansi." Akaendelea kuchambua mchele.

Bugaluu
Heee!

Shangazi wa Wote
Alijua. Nilisema mimi, wanawake tunajua.

Mstaafu wa Dodoma
Alijua anakwenda dansi. Gauni la kijani hatuna uhakika.

Nipo Mombasa
Mimi nafikiri kuna wakati gauni la kijani alilivaa yeye, kabla hamjazaliwa. Zile zamu alizijua yeye kwanza.

Binti wa Fundi Mitambo
Nipo Mombasa, hilo sikuwahi kulifikiria. Ngoja nikae nalo.

Msondo Damu
Dada, herufi ya kwanza tu ya bendi.

Abiria wa Siti ya Nyuma
Mods mtoeni huyu.

Kaka Mdogo
Mrejesho wa kanda. Fundi kafungua tatu, moja imekatika, mbili zinasikika. Ile ya kwanza imeandikwa kwa kalamu ya kaka "Maquis, usiguse". Upande wa kwanza hakuna bendi ya Maquis wala muziki wowote. Ni kaka anahesabu moja, mbili, moja, mbili, halafu mimi nikiwa mdogo nauliza, "Imeanza?" naye anajibu "bado", mpaka utepe unaisha. Fundi anauliza kama anisafishie na upande wa pili.