Naomba ushauri: nataka kuangalia muvi za sava ya nyumbani nikiwa mkoani, bila kuacha mlango wazi

Wakuu habari zenu. Nyumbani Dar nina laptopu ya zamani nimeipiga Linux na Jellyfin (programu ya kurusha muvi zako kwenye tivi na simu), diski imejaa muvi na video za harusi za ukoo, ndani ya waifai inatembea poa kabisa. Sasa niko Dodoma kikazi na bi mkubwa, yaani mama, yuko Moshi naye anazitaka hizo harusi.

Jamaa kaniambia fungua tu poti 8096 (mlango wa Jellyfin) kwenye rauta mchezo umeisha, mi hapo ndo nasita, maana hiyo poti ni HTTP tupu, paswedi inapita wazi, maboti ya wadukuzi yanagonga kila IP usiku na mchana, na kwenye waifai hiyohiyo kuna kamera za geti na kompyuta ya wife yenye hesabu za duka. Halafu hata nikitaka haitawezekana, IP ya WAN (upande wa intaneti wa rauta) inaanza na 100.72 yaani niko nyuma ya CGNAT, wateja wengi tunagawana IP moja ya nje.

WireGuard (VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani) naielewa, poti moja ya UDP na asiye na ufunguo hajibiwi kitu, ila kwa CGNAT mpaka nikodi VPS (sava ya mtandaoni) nje, hela tena. Tailscale, VPN iliyojengwa juu ya WireGuard, inapenya bila kufungua poti ila tivi ya mama haikubali kuiweka, sio ya Android. Nimpelekee Raspberry Pi (kikompyuta kidogo) ikae katikati au nimnunulie kiboksi cha Android? Na kwenye ACL ya Tailscale (kanuni za nani afike wapi) naandikaje ili afike kwenye Jellyfin tu, asigusane na kamera? Mwenye uzoefu anielekeze tafadhali.